Dume, Mwali na Kidole cha Baba

Mwanangu Mabula,

Nakusalimu kama mtu anayemwandikia aliye mbali, na kumbe uko kwa shangazi yako hapo ng'ambo ya reli, unaagwa kwa maziwa na maneno mengi, na kabla ya chakula cha jioni utakuwa umerudi. Sisi hapa ni wazima. Mama yako ni mzima, yuko barazani anachambua karanga na kuziimbia. Mimi ni mzima isipokuwa moyo, na habari za huo utazikuta mbele.

Karatasi hii ni ile ya kufungia santuri dukani kwa Bwana Jivan, ndiyo maana ina alama ya duara katikati. Usiijali, soma tu.

Habari za safari sitazigusa. Garimoshi la asubuhi, meli ya Mwanza mpaka Kisumu, garimoshi tena mpaka Nairobi: mama yako amekufundisha yote mara nyingi kuliko stesheni zenyewe, ingawa yeye hajawahi kuvuka Mwanza. Soksi, kwinini, sweta, usimwamini mtu anayekusifia sanduku. Nimesikia nikiwa chumbani. Sina hata chumvi ya kuongeza.

Ninaandika kwa sababu ya mkanda. Tangu tulipogombana juzi kule ghalani hatujauzungumzia, na wewe ni mtoto mwenye adabu, hutaanza. Nami nikianza kwa mdomo nitaleta mzaha, unanijua. Wanaume wa ukoo wetu tukiwa na jambo zito huwa tunaulizana habari za ng'ombe. Basi afadhali niandike, maana karatasi haicheki.

Hebu tulipange jambo lenyewe. Bwana Jivan alipotoka Nairobi alituletea neno kutoka studio moja ya huko: watamchukua kijana mmoja kujifunza kazi ya kurekodi, na kila anayetaka aende na mkanda mmoja tu, wenye gitaa moja, bila mwimbaji, bila manyanga, ili wasikie anavyochagua maikrofoni na anavyoiweka. Mkanda ukiwapendeza, wewe unabaki huko. Usipowapendeza, unarudi, na hapa Shinyanga kazi iliyobaki kwa kijana ni kubeba marobota ya pamba. Wewe huna mgongo wa marobota. Una masikio.

Na sisi tuna mikanda miwili. Mmoja tuliurekodi kwa Dume, ile maikrofoni yetu ya chuma, mwingine kwa Mwali, ile maikrofoni ya utepe. Gitaa ni lilelile, wimbo ni uleule, na mpigaji ni yuleyule, mzee mmoja mkaidi ambaye ndiye anayekuandikia. Mimi nilisema uende na wa Dume. Wewe ukasema wa Mwali. Nikapandisha sauti, nikatamka neno ambalo nitalirudia hapa mbele kwa sababu linaniwasha mpaka sasa. Lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Nimekuwa nikichagua maikrofoni tangu wewe hujui kufunga vifungo vya shati, na makosa yangu ukiyapanga mstari yanafika Tabora.

Unajua nilitokea machimboni. Vita vilipoanza nilikuwa Geita, kwenye mgodi wa Wazungu, nikisukuma toroli za mawe. Tulikuwa watu wa kila namna: Waha, Wazinza, Wanyamwezi, Waislamu wa Tabora waliotufundisha kupika pilau, na Mkongo mmoja mwenye gitaa. Aliposhikwa na hamu ya kurudi kwao aliniachia gitaa lile kwa debe la asali na shati langu jipya la kaki. Jumapili nilikuwa nateremka nalo mpaka kwenye vijito vya Rwamgasa, watu wanakoosha mchanga kutafuta dhahabu, nakaa juu ya jiwe, napiga. Nilikuwa napiga polepole siku hizo. Watu waliacha karai zao, wakasogea karibu, kwa sababu usiposogea hukusikia. Wimbo niliokuwa nikiupiga pale ndio huo tuliourekodi juzi.

Kisha toroli ikanibana kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Daktari aliokoa kidole, lakini hakikujikunja tena vizuri, ndicho hicho unachokiona kimesimama kama askari kila ninaposhika jembe. Niliacha machimbo nikaja Shinyanga, nikamwoa mama yako, na mvua za mwaka ule zikakuleta wewe, ndiyo maana wewe ni Mabula.

Gitaa sikuliacha. Kidole kile nilikifundisha kuteleza juu ya nyuzi badala ya kunyanyuka, kikawa kinakwaruza, kriii, kama panya darini. Nikagundua kwamba nikipiga kwa nguvu, mkwaruzo hausikiki. Basi nikawa mpigaji wa nguvu. Watu wakanisifu, "Baba Mabula anapiga gitaa mpaka linatoa jasho!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilizidisha nguvu mpaka nikasahau kwamba niliwahi kupiga polepole.

Bwana Jivan alinichukua dukani kuuza santuri, na aliponunua mashine ya kurekodi akaniambia, "Luhende, wewe unajua wapiga gitaa, mimi najua mashine. Twende." Hakujua mashine hata kidogo. Tulijifunza pamoja, kwa hasara yake.

Maikrofoni yetu ya kwanza hukuiona, ilikufa mapema. Ilikuwa ndogo, nyepesi, na ndani mlikuwa na kipande cha fuwele, kama chumvi ya mawe iliyokatwa kwa wembe. Kwa gitaa ilitoa sauti nyembamba ya kuchoma sikio. Tulikwenda nayo Kahama, nikaiacha mbele ya kioo cha lori, juani, nikaingia hotelini kunywa chai na maandazi. Niliporudi, kimya. Nikaigusa, ina moto. Sasa mimi nikafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angemfanyia mtoto mwenye homa: nikachovya kitambaa majini, nikaifunga, nikailaza kivulini, nikawa naipepea kwa kofia.

Bwana Jivan akanikuta.

"Luhende, unafanya nini?"

"Ina homa, Bwana."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yake nyeupe. Chumvi ile ilikuwa imeanza kulegea kwa joto, na maji yangu yakaimaliza. Alicheka siku ileile, Mungu ambariki, lakini mimi sikucheka mpaka mwaka uliofuata. Si kila kilicho na moto kina homa, mwanangu. Unakumbuka siku ulipokata uzi wa gitaa langu ukajifungia ndani? Nilisimama mlangoni nikikubembeleza mpaka ukalia zaidi. Mama yako akaniondoa kwa kunishika mkono, akasema, "Mwache apoe." Ulitoka mwenyewe ulipopoa. Mimi bado nilikuwa naipepea ile maikrofoni.

Baada ya hiyo akaja Dume. Dume ni wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani, mzito, wa chuma, na kazi yake unaijua. Alianguka kutoka juu ya lori katika barabara ya Geita, tukamwokota, tukampangusa vumbi, akarekodi jioni ileile. Ukikutana na mpigaji anayegonga nyuzi kama anatwanga, katika chumba kibaya chenye bati na watoto mlangoni, mchukue Dume wala usione haya. Atakutolea kitu cha kuuzika. Usimdharau kwa sababu Nairobi wana zinazong'aa kuliko yeye.

Kosa langu kwa Dume lilikuwa tundu. Nilifikiri hivi: gitaa lina tundu, na mtu ana mdomo, basi sauti ya gitaa inatoka tunduni kama ya mtu inavyotoka mdomoni. Nikamsogeza Dume pale karibu amezwe. Sauti ikatoka imevimba, buu, buu, kama mtu anayepiga pipa akiwa ndani yake. Lakini wateja waliipenda, maana ilijaza duka mpaka barabarani. Nami niliipenda kuliko wote, na sababu sikumwambia mtu. Pale tunduni kidole changu hakisikiki.

Baadaye nilijifunza kwamba gitaa halisemi kwa mdomo, linasema kwa mwili mzima. Ubao unasema, shingo inasema, hata kifua cha mpigaji kinasema. Mahali pazuri pa kulisikia ni pale shingo inapoungana na tumbo, umbali wa mkono mmoja hivi, maikrofoni isitazame tundu ana kwa ana. Kwa wapigaji wengine wote nilifanya hivyo. Kwa gitaa langu mwenyewe nilirudi tunduni kila mara. Nilichagua maikrofoni kama mtu anavyochagua kofia, ili ifiche upara.

Na Mwali. Unajua ninavyompenda, hata mama yako alinionea wivu siku za kwanza. Nilipofungua sanduku nikaona kile kiutepe ndani yake, chembamba kuliko ganda la kitunguu, nilishusha pumzi kando nisikitikise. Bwana Jivan alikuwa amesoma maagizo: asipulizwe, asitikiswe, asiachwe kwenye upepo, alindwe kama mwali ndani. Jina likabaki hilohilo. Tukamweka juu ya meza hapa nyumbani, tukimtazama tu, na wewe ukiwa umefungwa mgongoni kwa mama yako.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa amekuja kutoka kijijini. Na kwetu kitu kipya hakianzi kazi kikavu. Hakuuliza mtu. Alichota maji aliyoyachanganya na unga mweupe wa mtama, akajaza kinywa, na kabla sijanyanyuka, puuu! akampulizia Mwali uso mzima.

"Usikie mema," akamwambia. "Useme mema."

Utepe ulining'inia kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbia. Bwana Jivan akapata maneno ya pekee aliyokuwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na ile mashine kubwa nayo niibariki?"

"Ile ilibarikiwa ilikotoka, mama. Asante sana."

Mwali alipelekwa Nairobi kutiwa utepe mpya, na tukakaa bila yeye msimu mzima wa pamba. Nilimkasirikia mama yangu kimoyomoyo. Lakini nikifikiri, yeye alikipa kile kitu alichokuwa nacho kizuri kuliko vyote, na hakuna aliyemwambia kwamba kina mapafu madogo. Kosa lilikuwa langu kukiweka mezani wazi. Tangu siku ile, kila tulikokwenda nilitoa kwanza sanduku likiwa limefungwa, nikawaambia wazee, "Barikini hapa." Wakapuliza sanduku, tukashukuru, wakaridhika, ndipo tukafungua. Yale madoa meupe uliyokuwa ukiyakwangua kwa ukucha utotoni ndiyo hayo. Huko uendako hawatapuliza unga, lakini kila mahali watu wana lao wanalotaka kulifanya kabla ya kazi kuanza. Wape nafasi walifanye. Ila sanduku liwe limefungwa.

Tena Mwali anasikia mbele na nyuma sawasawa, na ubavuni ni kiziwi. Hilo lilinigharimu mkanda mzima. Nilimweka mpigaji mmoja mpole wa Kahama mbele yake, kila kitu kimetulia, wimbo umefika katikati, mara mzee mmoja akapita nyuma na ng'ombe zake. "Mwadila!" Nani wa kwetu atasalimiwa na mzee akanyamaza? Mpigaji alilaza mkono juu ya nyuzi, akaitika, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za mke mkubwa na za mke mdogo, mzee naye akajibu zote kwa utaratibu, kisha mpigaji akaendelea na wimbo palepale alipouacha. Mwali alishika yote, salamu na wimbo kwa usawa, kana kwamba waliimba wawili. Nilitaka kulia. Siku hizi ule mkanda naupenda kuliko mingine, maana wote wawili wamekwisha kufa na bado wanaulizana habari za mvua.

Basi dawa yake ni kuelekeza ule ubavu kiziwi mlangoni. Usimwombe asiyesikia ubavuni asikie, mgeuze tu. Mimi na mama yako tumeishi kwa amani miaka yote hii kwa sababu kila mmoja anajua ubavu upi wa mwenziwe ni kiziwi. Wangu ni ule wa kuambiwa nikate kuni.

Sasa juzi.

Ilikuwa Jumapili, kinu cha pamba kimenyamaza, na ndani ya ghala, kati ya marobota, hapakuwa na mwangwi hata wa kikohozi. Wewe ndiye uliyefikiria ghala. Mimi miaka yote nilirekodi chini ya bati, nikigombana na jua kwa kulifanya bati lilie. Ukanikalisha juu ya kigoda, ukaniambia nipige chochote. Nikapiga. Ukaziba sikio moja kwa kidole, ukaanza kunizunguka ukiinama na kuinuka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitaka kukucheka. Kisha ukasimama, ukavuta stendi, ukamweka Mwali pale sikio lako lilipokuwa.

"Hapa," ukasema. "Baba, usipige kwa ajili yake. Atasikia. Piga tu kama upo peke yako."

Hilo sikukufundisha mimi, Mabula. Mimi niliwaambia wapigaji maisha yangu yote, "Ongeza nguvu, maikrofoni haisikii." Wewe ulisogeza maikrofoni ukamwacha mtu alivyo. Nami nikajikuta nimekaa juu ya lile jiwe la Rwamgasa, napiga polepole, sijui hata nilivyofika.

Kisha tukarudia kwa Dume, kwa namna yangu, tunduni, kwa nguvu, jasho likinitoka.

Uliporudisha mikanda tusikilize, tulianza na wa Dume. Nikapiga makofi. Nilijipigia makofi mwenyewe, usinifiche, nilikuona ukitabasamu. Kisha ukaweka wa Mwali. Nikasikia pumzi yangu. Nikasikia kigoda. Nikasikia kriii, na tena kriii, kila ubeti, wazi kama mtu anayevuta mguu uwanjani.

Nikasema, "Zima. Huyo ni mgonjwa."

Ukasema, "Baba, ni wewe huyo."

Ndipo nikasema lile neno. Nilisema, "Unataka kwenda kuwaonyesha watu wa Nairobi kilema cha baba yako."

Ulirudisha mkanda polepole mpaka mwanzo, ukautia kwenye kasha lake, ukasema, "Nitachukua unaoutaka wewe, Baba." Na umeuchukua. Jana nilikuona ukiutia sandukuni, chini ya shati jeupe, bila hata kununa. Ungeninunia ningelala.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili, na cha pili kinauma zaidi.

Leo baada ya chakula cha mchana, ulipotoka kwenda kwa shangazi, nilikwenda kwa Bwana Jivan nikaiazima mashine, tukaileta na mkokoteni pamoja na betri. Mama yako akauliza kama nimehamia redioni. Nikamwambia akae asikilize. Sikumwambia ni nini.

Nikaanza na wa Dume. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na karanga. Wimbo ulipokwisha akasema, "Anapiga vizuri. Ni nani?"

Mabula, mwanamke huyu amenisikia nikipiga tangu hajawa mama wa mtu.

Nikabadili mkanda. Nyuzi za kwanza tu, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kidole kilipokwaruza nilitazama chini kama mtoto aliyemwaga maziwa. Ulipokwisha, akausogeza ungo kando. Kisha akasema, "Baba Mabula, hicho kidole bado kinakuuma? Mbona huniambii?"

Nikasema kinauma wakati wa baridi tu. Akaingia ndani, akatoka na samli, akakishika, akawa anakisugua palepale barazani, mchana kweupe, watu wakipita. Nilidhani amemaliza. Akauliza, "Nani aliiweka hiyo maikrofoni?"

"Mwanao."

"Wabeja, ng'wanawane," akakushukuru wewe mwanawe kama vile upo mbele yake, akitazama njia ya kwenda kwa shangazi yako.

Ndiyo habari za moyo nilizokuahidi. Kwa miaka hii yote nilidhani nawaficha watu kidole, kumbe nilikuwa namficha mama yako mimi mwenyewe. Akaja kijana niliyemfundisha kufunga vifungo, akaziba sikio moja, akanizunguka, akanipata nilipo. Halafu nikamwita anayeonyesha kilema. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na mashine ya kujisikiliza.

Nisamehe, mwanangu. Nimeliandika ili usinilazimishe kulisema stesheni mbele ya watu, maana nitaanza kukuuliza habari za ng'ombe.

Sijui kama watu wa Nairobi wataupenda. Huenda wanataka buu buu, kama wateja wetu. Wakiukataa, rudi. Nitabeba marobota nawe, bega kwa bega, wala sitasema nilikuambia. Labda mara moja. Lakini ukienda na wangu wakaupenda, watakuwa wamemchukua mtu mwingine, na wewe utakaa huko ukimsaidia kila mpigaji kujificha kama nilivyojificha mimi. Hiyo kazi naijua. Inalipa, na unarudi nyumbani mkeo anauliza huyo ni nani.

Nimefungua sanduku lako. Chini ya shati jeupe kuna mkanda, lakini si ule ulioutia wewe. Ni wa Mwali. Ule wa Dume nabaki nao, nitawapigia wageni wanaopenda kusifu. Usiurudishe. Usiporidhika, basi uhesabu kuwa ni amri ya baba, kwa kuwa unapenda sana kunitii wakati mbaya.

Nasikia sauti yako njiani, unamwitikia mzee mmoja salamu, naye hana haraka. Mama yako amekwisha kusonga ugali. Wakikuuliza huko ni nini kile kinachokwaruza, usikohoe, usiombe radhi. Waambie ni kidole cha baba yako, kilibanwa na toroli Geita, na maikrofoni uliiweka pale makusudi.

Ni mimi ninayekwaruza,

Baba yako.